Goti la Gatakaa

Gatakaa alisema ni goti, na kwa kuwa alikuwa mjane mwenye heshima zake na mwalimu wa Biblia wa akina mama kule Mikinduri, hakuna aliyemwuliza mara ya pili.

Alikuwa ameteleza kwenye matope ya zizi akimpelekea ng'ombe majani, akaangukia ubavu wa kulia, akainuka mwenyewe huku akiona haya mbele ya ng'ombe. Siku zilizofuata alichechemea. Majirani wakamshauri aende zahanati. Akacheka. Aende zahanati akapange foleni na watoto wenye kikohozi, na mwanawe ni daktari wa viungo mjini Meru? Muthomi hakuwa daktari. Alikuwa mtaalamu wa fiziotherapia katika kliniki ya mtu binafsi, na tofauti hiyo alikuwa amemweleza mama yake mara nyingi. Mama aliielewa vizuri sana, kisha akaendelea kumwita daktari.

Sasa alikuwa ameketi kwenye kochi la mwanawe huko Kaaga, pembeni mwa mji, leso imemfunika mpaka vifundoni, kikombe cha chai mkononi. Kiende, mke wa Muthomi, alikuwa jikoni akimenya viazi na kusikiliza.

"Wapi hasa, Mama?" Muthomi aliuliza, amechuchumaa mbele yake.

"Hapa." Akagusa goti juu ya leso.

"Na pengine je?"

"Pengine wapi?" Gatakaa akageuka kutazama dirisha.

Ukweli ni kwamba maumivu yalikuwa juu zaidi, kinenani, pale paja linapoungana na mwili. Yaliteremka hadi gotini pia, kwa hiyo hakujiona mwongo. Alichagua tu mahali pa karibu panapoweza kutajwa. Kwao, mwana akishatahiriwa ni mwanamume hata kwa mama aliyemzaa. Haingii chumba anacholala mama, hakai kitandani pake, na mama hamtajii paja. Gatakaa hakuwahi kufundishwa jambo hilo kwa maneno, kama vile hakuna mtu anayefundishwa kuona haya.

Muthomi alilibonyeza goti kupitia leso. Halikuvimba, halikuwa na joto, lilikunjika na kukunjuka bila shida. Hapo mkono wake ukasita. Kuna kanuni ambayo kila mwanafunzi anayepitia mikononi mwake hufundishwa mapema: mzee akianguka kisha akalalamikia goti, angalia nyonga. Mlaze chali, inua paja, lizungushe polepole huku ukimtazama usoni. Kanuni hiyo Muthomi huitoa kwa sauti ya mhubiri. Angekuwa mama wa mtu mwingine, angekuwa amekwisha kumlaza.

Aliitazama leso. Akaitazama mikono ya mama yake iliyoishika leso hiyo pande zote mbili. Akafikiria kumwita Felicitas, fizio wa hospitali waliyesoma pamoja, mwanamke kama Mama, aje amwangalie. Lakini Felicitas angeuliza kwa nini hakumwangalia mwenyewe, na swali hilo lingechekwa mjini mpaka Krismasi. Aibu ikamshika, naye akaiita busara.

"Tuseme kutoka moja hadi kumi, yanauma kiasi gani?"

"Ah. Mbili."

"Mbili tu?"

"Mbili na kidogo." Mama gani atamwambia mwanawe kumi?

"Basi sikiliza, Mama. Maumivu ni kama mbwa wa boma. Mwizi akija, anabweka. Mjomba akija na kilo ya sukari, pia anabweka. Kubweka si kuibiwa. Hiyo goti yako iko sawa, imeogopa tu. Ukiilaza itakauka. Kwa hiyo sisi tutatembea."

Wala hakuwa akibuni. Alikuwa amewaona wengi walioharibiwa na kitanda. Kulikuwa na Salesio, mchumaji wa miraa aliyeanguka kutoka mtini. Mgongo wake ulikuwa umepona zamani, lakini aliletwa kliniki amebebwa kwa blanketi, mkewe akimlisha uji kwa kijiko, kwa sababu kila alipogeuka alisikia uchungu na kudhani anavunjika upya. Muthomi alimsimamisha, akambembeleza, akamtembeza, na sasa Salesio alikuwa anapanda miti yake tena. Tangu hapo imani ya Muthomi katika kutembea ilizidi kipimo kidogo, kama chumvi mkononi mwa mpishi aliyesifiwa.

"Kama wewe umesema," Gatakaa akajibu, akanywa chai yake.

*

Aliyemwogesha ni Kiende. Alimpelekea beseni la maji ya moto, maana baridi ya Kaaga mwezi wa Julai haina adabu, akamsaidia kuvua. Ndipo alipoona paja. Kutoka nyongani hadi karibu na goti lilikuwa jeusi, na kingoni limeanza kugeuka kijani.

"Mama! Hii ni nini?"

"Ni ng'ombe."

"Ng'ombe alikukanyaga?"

"Nilianguka, mwari. Inaisha. Leta maji."

"Muthomi ameiona?"

Gatakaa alimtazama kama mtu aliyetukanwa. "Ataionaje?"

"Basi wacha nimwambie."

"Umwambie nini? Umwambie mwanamume umeona paja la mama yake, liko hivi na hivi? Utaanzia wapi?" Kisha akalegeza sauti, akamshika Kiende mkono kwa kiganja chenye povu. "Mambo ya bafuni huachwa bafuni. Wewe ni binti yangu. Niahidi."

Kiende akaahidi. Usimhukumu upesi. Alipoolewa katika nyumba hiyo alibandikwa jina la mpeleka maneno kwa jambo dogo la shemeji, na jina hilo lilimchukua miaka kulifuta. Leo mama mkwe alikuwa uchi mbele yake akimwita binti. Imani kama hiyo ni tamu, na Kiende hakutaka kuimwaga. Alijiambia kwamba fizio katika nyumba hii ni mume wake, yeye ni mwalimu wa hesabu tu. Usiku huo alijiambia hivyo tena, na hapo ahadi ilikuwa imeanza kumkaa vibaya.

*

Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Muthomi alimtembeza mama yake kutoka mlango wa jikoni hadi getini na kurudi. Alitembea kando yake, mikono nyuma, akimtia moyo. "Usiinamie upande. Kanyaga yote. Mbwa anabweka? Mwache abweke." Gatakaa alikanyaga yote. Alitabasamu kila mwanawe alipomtazama, na kwa kuwa alikuwa mwanamke wa sala, alisali kila mwanawe alipotazama kwingine. Kiende, akiosha vyombo dirishani, aliona uso ambao mumewe hakuuona. Mama alikuwa akishika kamba ya kuanikia nguo kama mtu anayevuka mto. Mara mbili Kiende alifungua mdomo wakati wa chakula. Mara zote mbili alimalizia kwa kuomba chumvi.

Jumapili wakaja wageni. Mzee Hezekiah, mzee wa kanisa, alikuwa na mgongo uliomsumbua, naye alisadiki kwamba dawa ya mgongo ni godoro. Muthomi alimpenda mzee huyo na alitaka kumwokoa. Baada ya chai na mukimo wa viazi, akapata pa kumkamatia.

"Mzee, unamwona Mama? Alikuja hapa akichechemea, sasa ni kila siku anatembea. Mama, hebu waonyeshe."

Gatakaa alikuwa ndiyo kwanza ameketi. "Sasa hivi?"

"Mpaka getini tu."

Kiende alikuwa amebeba sinia. "Muthomi, si umwache apumzike? Ametoka kanisani."

"Kupumzika ndiko kunakowaua," Muthomi akasema, na wageni wakacheka, kwa sababu alisema kwa upendo.

Basi Gatakaa akasimama, akakaza leso, akatoka. Wageni walisimama barazani na vikombe vyao. Alifika katikati ya uwanja. Hakujikwaa, hakuteleza. Aliweka tu uzito kwenye mguu wa kulia kama alivyofundishwa, na mguu ukakataa. Muthomi alisikia mlio kabla ya kumwona akianguka.

Alikuwa wa kwanza kumfikia. Mguu wa kulia ulikuwa umegeukia nje, wayo ukitazama ua, na ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Mwanafunzi wake yeyote angeutambua. Leso ilikuwa imefunguka, na paja lilikuwa wazi mbele ya watu wote, na weusi wake wote. Muthomi alisimama pale, fundi wa viungo wa mji mzima, na mikono yake haikwenda. Mzee Hezekiah ndiye aliyevua koti lake la kanisani, akamfunika mama, akageuka kutazama kando. Kiende akatupa sinia, akapiga magoti nyasini, akamshika kichwa.

Gatakaa hakulia. Alimtafuta mwanawe kwa macho, akampata.

"Nisamehe, Muthomi," alisema. "Nimekuaibisha mbele ya wageni."

*

Picha ya eksirei ilieleza yote. Daktari Njura, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, aliinyanyua kwenye mwanga.

"Shingo ya mfupa wa paja," alisema. "Lakini hii kitu si ya leo. Ilikuwa imevunjika kitambo, lakini vipande vilikuwa vimeshikana, ndio maana alikuwa anaweza kutembea. Leo ndiyo vimeachana. Kuna mtu alikuwa anamtibu?"

Muthomi alimjua Njura, na Njura alimjua yeye kwa sifa tu. Ilikuwa rahisi kujibu. Neno lenyewe lilikuwa moja, mimi. Alilitafuta, akalikosa.

"Alianguka nyumbani," alisema.

"Ni ng'ombe," Gatakaa akadakia kutoka kitanda cha magurudumu, sauti imekauka. "Nilianguka kwa ng'ombe na nikaficha. Hakuna mtu alijua. Andika ni ng'ombe."

Daktari akaandika. Muthomi alimwona akiandika na akanyamaza, na ukimya huo ulimuuma baadaye kuliko kosa lenyewe, kwa sababu kosa alilifanya bila kujua kwamba mfupa umevunjika, na ukimya aliufanya akijua.

Nje kwenye korido Kiende aliketi benchini, mikono mapajani, akatazama sakafu.

"Niliona," alisema.

"Uliona nini?"

"Weusi. Siku ya kwanza nikimwogesha. Alinikataza nisikwambie."

Muthomi alisimama mbele yake, akahisi kitu kama nafuu. Alikuwa amepata wa kumkasirikia. "Uliona na ukanyamaza? Kiende! Kila asubuhi namtembeza na wewe unatuangalia kwa dirisha! Wewe ni mtu wa aina gani?"

Watu wawili waliokuwa wakisubiri dawa waligeuka. Kiende aliwaacha wageuke.

"Makosa ni yangu, sikatai," alisema polepole. "Nitayabeba. Lakini niambie ukweli. Ningekwambia, ungemshika?"

 Muthomi akaketi benchini kando ya mkewe. Hatia ilikuwa moja, na ilikuwa imepata wenyewe watatu, kila mmoja akiivuta upande wake kama nguo ya marehemu.

*

Walimpasua. Wakaondoa kichwa cha mfupa kilichovunjika, wakaweka cha chuma. Daktari Njura alitoka ameridhika, akamweleza Muthomi kwa heshima ya mtu na mwenzake kwamba kazi imeenda vizuri. Kisha, bila kukusudia ubaya, akaongeza, "Bahati mbaya tu hatukumpata kabla vipande havijaachana. Tungemfunga skrubu ndogo tu, na mfupa wake ungebaki." Muthomi akashukuru. Alishukuru mara mbili.

Sasa ilibaki kazi ya kumsimamisha, na hapo ndipo Gatakaa alipogoma. Mtu wa umri wake asiposimama mapema, kifua hujaa, damu huganda miguuni, ngozi hufunguka vidonda, na kitanda kinamla mpaka kimalize. Felicitas alijaribu kwa upole, akajaribu kwa utani, akajaribu kwa sauti ya kijeshi. Mwishowe akampigia Muthomi simu.

"Mama yako hataki. Nikimgusa tu anasema mfupa utavunjika tena. Nimemwambia hiyo ni chuma, iko imara, uchungu anaosikia ni wa kidonda na misuli. Unajua aliniambia nini?"

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Aliyeniambia nitembee mara ya kwanza ni mtoto wangu, na ananipenda. Wewe ni nani?'"

Muthomi alikuwa akija wadini kila siku. Alisimama miguuni pa kitanda, akaweka ndizi na maziwa kwenye kabati, akauliza kama amelala vizuri, akaondoka kabla jibu halijawa refu. Safari hii alikuja na Kiende, na Felicitas alikuwa akiwasubiri na fremu ya kutembelea.

Mama yake alipomwona tu, akatabasamu.

"Wamekwambia nimegoma? Nani amegoma! Leta hiyo chuma nisimame." Na papo hapo akaanza kujivuta ukingoni mwa kitanda, jasho likimtoka juu ya mdomo, tabasamu limebaki pale pale.

Muthomi aliliona tabasamu hilo na akalitambua. Ndilo mama yake alilotembea nalo hadi getini kila asubuhi. Yeye alikuwa amelichukulia kuwa dalili ya kupona. Sasa mama yake alikuwa anataka kusimama tena kwa ajili yake, ili yeye aache kusimama miguuni pa kitanda na uso ule wa mtu aliyefiwa.

"Ngoja, Mama. Usisimame."

"Sasa hutaki?"

Akavuta kiti, akaketi karibu na kichwa chake. "Mama, siku ile pale nyumbani, nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua inafaa nikulaze nikuangalie nyonga. Ndivyo tunavyofanya. Ungekuwa mgonjwa mwingine ningefanya mara moja. Niliona haya kukushika. Halafu nikaona haya kumwita mtu mwingine. Nikakutembeza. Na hapa hospitali nikaulizwa nani anakutibu, nikanyamaza, nikakuacha useme ni ng'ombe."

Wadi ilikuwa imetulia, kama wadi zinavyotulia zikinusa habari.

"Na mimi nilijua si goti," Gatakaa akasema.

"Mama, mimi pia niliona na..." Kiende alianza.

"Wewe nyamaza. Wewe nilikufunga mdomo mimi mwenyewe." Kisha akamrudia mwanawe, na tabasamu lilikuwa limeondoka. "Niambie kitu kimoja. Wangejua mapema, ningekatwa hivi?"

Felicitas alitazama pazia. Muthomi angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Neno hilo limewatoa watu wengi kwenye tope, na mama yake, mwalimu wa Biblia, angelazimika kusema amina.

"Hapana, Mama. Wangeweka skrubu ndogo. Mfupa wako ungebaki wako."

Tangu aanguke zizini Gatakaa alikuwa ameona haya, ameogopa, ameomba msamaha, lakini hakuwa amejiruhusu kukasirika. Sasa hasira ilipanda, ikamfika machoni.

"Basi inauma!" alisema, na wadi nzima ikasikia. "Inauma hapa kinenani. Na hapa pajani. Inauma tangu Mikinduri. Nilipokuwa natembea pale kwako ilikuwa inauma mpaka nataka kutapika, na wewe unaniambia nikanyage yote. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Sasa sema. Hii ya leo ni ya kuvunjika?"

Maneno mazuri yalikuwepo, na Muthomi aliyajua yote. Alikuwa ameyafundisha kwa miaka. Aliyaacha.

"Sijui," alisema. "Siwezi kujua mpaka nikushike."

Felicitas akavuta pazia kuwazunguka, akatoka nje yake. Kiende akataka kutoka pia, lakini mama mkwe akamkamata mkono. Gatakaa aliutazama mkono wa mwanawe kwa muda mrefu. Halafu mwenyewe, bila kusaidiwa, akaisogeza leso kando.

"Basi safari hii shika."

Muthomi aliweka kiganja chini ya paja la mama yake. Lilikuwa jepesi kuliko alivyodhani, na la moto, na lilitetemeka. Akaliinua polepole, akalizungusha kidogo, akimtazama usoni. Gatakaa alipiga kelele na hakuuficha uso. Akamuuliza ni wapi, akajibiwa. Akabonyeza, akauliza tena, akajibiwa tena, kwa ukali.

"Haijavunjika," alisema mwishowe. "Ni kidonda na misuli. Itauma, Mama. Itauma sana, na hutatembea tena kama zamani, na kosa ni langu. Lakini haijavunjika."

Gatakaa hakusema kama anaamini. Alishusha miguu sakafuni, mmoja baada ya mwingine, akamzungushia mwanawe mikono shingoni, akasimama akilia kwa sauti. Muthomi alimshikilia. Alikuwa mtu mzima mwenye nyumba yake na jina mjini, na hakuwa amewahi kumsikia mama yake akilia.